Wimbo wa Kupakasa Tui

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Kila nilipokupigia simu nilianza na neno hilo, hata pale salio lilipokuwa la kusema jambo moja tu. Tangu uondoke sijaacha kulisema. Marahaba naijibu mwenyewe kimoyomoyo, kwa ile sauti yako ya kuvuta, kisha naendelea na kazi zangu.

Leo nakuandikia mbele za watu. Najua ungeuliza, "Watu wana habari gani na vyungu vyetu?" Hawana, Mama. Ila kuna jambo limetokea jikoni kwako Newala, na nimeshindwa kurudi nalo Masasi nikiwa nimelifumbia mdomo. Wasiokujua wajue tu kwamba wewe ni Mama Somoe, mjane wa Newala, mwenye mikorosho michache na shamba la muhogo, na nyumba iliyo karibu kabisa na pale uwanda wa juu unapoishia na mteremko wa kwenda Mto Ruvuma unapoanza. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Mimi ndiye huyo Somoe, mwanao wa kwanza. Nina kibanda Masasi mjini, nauza chaja, kava za simu na hedifoni, na nawawekea watu nyimbo kwenye memori kadi.

Hiyo kazi ya nyimbo hukuielewa sana. Ulikuja siku moja ukakaa kwenye stuli ya kibandani, ukaniangalia ninavyomhamishia mteja taarabu, singeli na bongofleva kwa mpigo mmoja, ukasema, "Yaani mtu anaondoka na nyimbo zote hizo na hajui hata moja?" Nikacheka. Nikakwambia hakuzinunua ili azijue, kazinunua azisikilize. Ukaendelea kutafuna korosho zako. Siku hizi hata biashara yenyewe imelegea. Vijana wana simu za kupangusa na vifurushi, na wimbo ukitoka asubuhi wanao kabla sijafungua kibanda. Wanaobaki kwangu ni wazee wenye redio ndogo za memori, na mafundi wanaotaka kitu cha kusikiliza juu ya paa. Wateja wamepungua, ila swali lako bado limekaa palepale kwenye stuli.

Unakumbuka kile kitochi, kisimu cha vitufe, nilichokununulia? Ulikifunga kwenye pindo la khanga ukatembea nacho mpaka shambani. Nyumbani kwako mtandao una tabia zake. Ukikaa upande wa jiko, simu inashika mnara wa Tanzania. Ukitoka uani, upande unaotazama mteremko, inaweza kushika mnara wa Msumbiji, ikakuandikia ujumbe wa kukukaribisha ugenini, na saa yake ikarudi nyuma saa nzima, kwa kuwa wenzetu wa ng'ambo saa zao ziko nyuma ya zetu. Watu wengine hukasirika. Wewe ulisema simu imevuka mto. "Imekwenda kuwasalimia wajomba," ulisema, kwa sababu Bibi, mama yako, alizaliwa huko. Ikikaa kidogo hurudi yenyewe.

Ramadhani moja ikatutia adabu. Zilikuwa siku za ukungu na ile baridi yetu ya Newala, jua lenyewe halionekani, ukawa umeanza kuiamini saa ya simu. Nilikuwa nimekuja kufunga pamoja nawe. Ulikaa uani unabangua korosho, ukaitazama simu, ukaniambia bado mapema, tena mapema sana, tukaendelea kupiga soga. Mbaazi zilikuwa ndiyo kwanza zimetiwa chunguni adhana ya magharibi ilipolia. Tukaangaliana. Tulifuturu kwa maji na tende, na kwa uji wa jirani yako Mama Shaibu, ambaye alileta bakuli akijizuia kucheka na akashindwa. "Mama Somoe," alisema, "nyie siku hizi mnafunga na Msumbiji?" Ukamjibu kwa heshima zote, "Ndiyo, na huko magharibi bado. Kwa hiyo nipishe nipike."

Kuanzia siku hiyo hukupika tena kwa saa ya simu. Ulirudi kwenye wimbo.

Wimbo huo ndio ninaotaka kuusema, na ndio nisioweza kuusema wote. Ni wimbo wa Kimakonde, wa wanawake, wa jikoni na wa unyagoni, na maneno yake hayaandikwi. Wasomaji wanisamehe. Watosheke na kujua kwamba una urefu sawasawa na muda wa kupakasa tui la korosho.

Asiyewahi kupika kisamvu cha korosho anaweza kudhani kazi yake ni kutwanga. Kutwanga ni nguvu za mikono tu. Kazi ni tui. Unatwanga korosho mbichi zilizobanguliwa vizuri, unazichuja kwa maji ya vuguvugu, unamimina tui kwenye kisamvu kilichokwisha kuiva, kisha unaanza kupakasa: unachota kwa upawa, unainua, unamwaga taratibu, unachota tena, bila kuacha, mpaka lichemke na litulie. Ukigeuka kumjibu mtu, limekatika. Mafuta yanakwenda huku, machicha yanabaki kule, na mgeni anakusifia kwa adabu huku akitafuta maji. Ukizidisha nako, linashika chini. Wewe ulianza wimbo tui lilipogusa chungu, na wimbo ulipokwisha uliweka upawa chini. Katika maisha yangu sijaliona tui lako limekatika.

Uliwahi kunieleza lilikotoka jambo hilo. Bibi alivuka Ruvuma akiwa msichana, wakati wa vita vya kule, kiangazi, maji yakiwa ya magotini, na hakubeba chungu wala mkeka. "Alivuka na huo," ulisema, ukagusa paji la uso wako. Akakupa wewe kwa kuwa ulikuwa binti yake wa kwanza. Katika ukoo wetu wanawake wote husikia wimbo huo, lakini anayeushika na kuufundisha ni binti wa kwanza. Mama mdogo, huyo mdogo wako uliyemlea mgongoni, anaujua wote kwa masikio na hajawahi kumfundisha mtu. Anasema si wake.

Mimi ningeupata zamani, lakini nilikuwa mtoto wa bweni. Nilichezwa unyago harakaharaka wakati wa likizo, ngoma ikaisha, nikarudi shule na madaftari yangu. Nyimbo zikabaki Newala na wewe.

Nilipoanza kupika kwangu Masasi, tui lilinikatikia kila mara. Nikawa nakupigia simu upawa ukiwa mkononi. "Mama, nipakase mpaka lini?"

"Mpaka wimbo uishe."

"Wimbo siujui, Mama."

Ukauliza, "Na simu hiyo umeishika kwa mkono upi?" Nilikuwa nimeibana kwa bega. Ukasema tui linajua mtu akiwa hayupo. Hata hivyo ulinionea huruma, ukaanza kuniimbia humohumo simuni, na ulipofika katikati simu yako ikavuka mto, sauti ikapotea, na mimi nikabaki na chungu cha mafuta yanayoelea. Jirani yangu alikula akasema kitamu. Nilimjua anadanganya.

Mwaka uliofuata ulipoanza kukohoa kile kikohozi kisichosikia dawa, ulinipigia mwenyewe. Hukusalimia sana. "Njoo na ile simu yako kubwa," ulisema.

Nilikukuta umekwisha kutwanga kisamvu. Ulifunga mlango wa jiko, ukaziba dirisha kwa ungo. Uliitazama simu yangu nilipoisimamisha kwenye kinu, ukauliza kama ndani yake mna mtu mwingine anayesikiliza. Nikakwambia hamna.

"Na wimbo ukikaa humo, hautaingia kwenye memori zako za kuuza?"

"Hautaingia, Mama."

"Vijana wa stendi wasije wakaupiga wamekaa na soda zao."

"Hawatausikia."

Ndipo ulipoweka sharti. "Basi rekodi. Ila ukishakuingia kichwani, uutoe humo. Usikae sehemu mbili."

Nikakuuliza kwa nini. Nikasema si ni afadhali ubaki mahali, mtu hajui kesho. Uliniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Ukibaki humo, utasema upo," ulisema. "Nawe utaacha kuuimba. Hiyo simu itamfundisha nani?" Nikajibu ndiyo, Mama. Ukanipa upawa, ukaanza.

Rekodi ile si ya wimbo peke yake. Mna moto unaolia, mna yule kuku wako mwekundu anayegombea kuingia ndani, mna kikohozi chako, na karibu na katikati mna karipio. "Pakasa. Usiniangalie mimi." Ni kweli nilikuwa nakuangalia. Mashavu yako yalikuwa yameingia ndani, na mfupa wa bega ulikuwa umejitokeza kwenye khanga. Nilijua. Wewe ulijua kwamba najua. Chungu kilikuwa kinachemka, kwa hiyo nikapakasa, na siku ile, kwa mara ya kwanza mikononi mwangu, tui halikukatika.

Uliondoka wakati mbaazi zimeanikwa uani. Wanawake walizianua wakatandika mikeka mahali hapohapo. Jikoni Mama mdogo ndiye aliyesimamia, wakapika wali na maharage, na kisamvu bila korosho, kwa sababu hakuna aliyetaka kuugusa upawa wako. Upawa uliendelea kuning'inia kwenye msumari wake siku zote za msiba. Ndugu waliweka picha yako kwenye stetasi zao, wengine wakatia na wimbo wa huzuni nyuma yake, wimbo ambao nina hakika hukuwahi kuusikia. Kesho yake picha zikafutika zenyewe, maana ndivyo stetasi ilivyo. Nilikasirika bila kujua nimkasirikie nani.

Nilirudi kibandani kwangu. Nikawa navaa hedifoni kutwa, wateja wakidhani nasikiliza taarabu. Nilikuwa namsikiliza kuku, Mama. Nilikuwa nasikiliza kikohozi, kitu ambacho ulipokuwa hai kilininyima usingizi. Mtu akija na memori yake namhudumia sikio moja likiwa kwako. Sijui kama kuna aina ya upweke iliyo mbaya zaidi ya kuwa na sauti ya mtu na kukosa pa kumjibu, lakini niliupenda upweke ule kwa sababu wewe ulikuwemo.

Na wimbo uliniingia. Mapema kabisa uliniingia. Nilikuwa nafua siku hiyo, nikajikuta nimeuimba kuanzia mwanzo hadi mwisho, mikono ikiwa kwenye povu, bila simu, bila chungu. Nilipomaliza nikanyamaza kama mtu aliyefumaniwa, maana nilikumbuka sharti.

Nikajitia hamnazo. Kuna mahali karibu na mwisho sauti inashuka, wewe unajua ni wapi. Mimi nikawa naipandisha. Kila nikiimba, nikifika hapo napandisha, najiambia, umeona, bado sijaujua. Madhali nakosea, siku ya kuufuta haijafika, na wewe unabaki simuni na kuku wako. Nilijipa moyo hivyo na nikalala usingizi.

Kisha Mama mdogo akaja Masasi kutibiwa macho, akalala kwangu. Alikuja na binti yake Rehema, ambaye umemwacha msichana na sasa ni mke wa mtu. Nilitaka wale vizuri, nikapika ugali wa muhogo na kisamvu cha korosho. Nilifunga mlango wa jiko, nikaimba chinichini, na pale karibu na mwisho nikapandisha sauti kama kawaida yangu.

Mama mdogo ana macho mabovu lakini ulimi wake mzima. Alichovya tonge, akatafuna taratibu, akachovya tena.

"Tui halijakatika," alisema.

"Leo nimebahatisha, Mama mdogo."

"Na jana kwenye mbaazi?"

Nikasema jana pia nilibahatisha. Hakuacha kula. "Somoe, wimbo unao."

"Bado. Kuna mahali nakosea."

"Nimekusikia unapokosea. Masikio yangu hayaumwi. Anayekosea kweli hukosea leo hapa, kesho pale. Wewe unakosea mahali pamoja kama umepatia alama." Akanawa vidole, akamwonyesha Rehema kwa kidevu. "Mwenzio huyu kaolewa. Mume anampelekea korosho, yeye anampelekea mume chungu cha mafuta. Ananiuliza mimi. Mimi nimfundishe kama nani?"

"Nimetazama video zote za mapishi, dada," Rehema aliniambia kwa sauti ndogo. "Wanapika kwa korosho za dukani, wanasaga kwa mashine, halafu wanakata kipande cha katikati. Unaona wanamimina, ukipepesa macho tayari wanakula. Mama, mimi nitampikia mchicha tu, yaishe."

"Nyamaza wewe," alisema Mama mdogo.

Rehema alipotoka kuosha vyombo nikamwambia Mama mdogo ukweli: rekodi ya jikoni kwako, simu juu ya kinu, na sharti lako. Nikamwambia sauti yako haipo mahali pengine popote. Hukupigwa video kwenye harusi yoyote, ulikuwa unajificha nyuma ya wenzako. Ujumbe wa sauti hukuwahi kutuma kwa kile kitochi. Nikifuta, nimekuzika mara ya pili, na safari hii kwa kidole changu mwenyewe. Niliyasema yote hayo kwa mfululizo, na nikashangaa jinsi yalivyokuwa tayari mdomoni.

Mama mdogo alijifuta macho kwa pembe ya kitambaa alichopewa hospitali, sikujua kama ni dawa au ni wewe. "Alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako," alisema. "Kama sharti angenipa mimi, ningekuondolea leo hii. Alikupa wewe."

Walipoondoka, nikajaribu ujanja wa kazi yangu. Unajua nawakatia watu nyimbo wapate mlio wa simu, na mkono wangu ni mwepesi, naweza kukitoa kiitikio katikati ya ngoma nzima usijue palipounganishwa. Nikasema nitautoa wimbo na kubakiza vingine: kuku, moto, kikohozi, karipio. Hivyo sharti nitakuwa nimelitimiza na wewe nitakuwa nimebaki nawe. Nilifunga kibanda mapema, nikavaa hedifoni, nikaanza kuweka alama.

Haikuwezekana. Kikohozi chako kinaangukia kwenye mapigo ya wimbo. Hata kuku nimemkuta katikati ya neno. Na lile karipio, Mama, nilikuwa nimelisikiliza mara nisizojua idadi, na sikuwahi kugundua kwamba umeliimba. "Pakasa, usiniangalie mimi" iko kwenye sauti ileile ya ubeti, hukuvuta hata pumzi kabla wala baada. Sikuona pa kupitisha mkasi. Nilikaa humo kibandani mpaka jirani wa duka la viatu akagonga kuuliza kama naumwa.

Wiki iliyopita nikapanda Newala.

Nyumba yako ipo. Mama mdogo anafagia, tangi la maji ya mvua limezibwa ufa, na kuku mwekundu ameacha kizazi chenye tabia zilezile. Rehema alikuwa amefika kabla yangu na rundo la kisamvu na korosho kwenye ungo. Walipoanza kutwanga, nikachukua simu yangu nikatoka uani, upande ule unaotazama mteremko, nikakaa mahali ulipokuwa ukibangulia. Chini kulikuwa na ukungu mwepesi na mto hauonekani. Nilikuwa nasubiri simu ivuke.

Ilinichelewesha, kisha ujumbe wa kunikaribisha Msumbiji ukaingia, na saa ikarudi nyuma. Unaona, Mama, nilikuwa nimepewa saa nzima ambayo Tanzania tulikwisha kuimaliza. Haikuwa ya biashara, haikuwa ya jikoni, hakuna aliyekuwa ananidai humo. Nikasema hii ni yangu na Mama.

Nikakusikiliza. Nikamsikiliza kuku, na moto, na kikohozi, nikarudia, nikarudia tena. Mara ya mwisho niliimba pamoja nawe, na tulipofika pale karibu na mwisho nikaishusha sauti inavyotakiwa. Tulimaliza pamoja kabisa. Kisha nikabonyeza pa kufutia. Simu ikauliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika, Mama. Nikabonyeza ndiyo.

Nililia, na sitaandika kwamba nililia kidogo. Vishindo vya kinu jikoni vikanyamaza, wakanisikia, wakaniacha. Baadaye nikaamka, nikaiacha simu pale ukingoni ikiwa bado ng'ambo, nikanawa uso kwenye ndoo, nikaingia ndani, nikawaambia nimefuta.

Kisamvu kilikuwa kimeiva. Nilifunga mlango, nikaziba dirisha kwa ungo, nikautoa upawa wako kwenye msumari. Ulikuwa na vumbi la tangu msibani. Nikausuuza, nikampa Rehema. Mama mdogo alikaa kwenye kigoda pembeni, ametupa kisogo kwa sababu moshi unamsumbua macho, anachagua korosho kwa vidole. Rehema akamimina tui, na mimi nikaanza.

Anapakasa vizuri yule mtoto, mkono wake mwepesi. Lakini ni mtoto wa siku hizi, amezoea kujifunza kwa kutazama, na tulipofika karibu na katikati akainua uso kuitazama midomo yangu. Upawa ukapunguza mwendo.

"Pakasa. Usiniangalie mimi."

Sikuipanga. Ilitoka mlemle ndani ya wimbo, kwa sauti ya ubeti, bila pumzi kabla wala baada. Rehema akashtuka, akainamia chungu. Na nyuma yangu nikasikia korosho zinamwagika sakafuni. Mama mdogo alikuwa amesimama, macho yake mabovu yanatafuta juu ya kinu, mahali ilipokaa simu siku ya kurekodi.

"Somoe," alisema, "si ulisema umefuta?"

Sikumjibu, Mama, tui lilikuwa bado. Simu ilikuwa uani, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Lala salama. Chungu tulikimaliza chote, na Mama Shaibu alipelekewa bakuli lake. Nikisema shikamoo kesho, marahaba nitaijibu kwa sauti, nisikie inavyotoka.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Somoe